Wakiitwa timu ya taifa: klabu za MLS huumia wakiondoka au wakirudi?

Mashabiki wa klabu za MLS, ligi kuu ya soka ya Marekani na Kanada, wana lawama inayojirudia kila msimu unapoelekea ukingoni: timu ya taifa imetuchukulia mtu wetu, tukadondosha pointi, na sasa hatua ya mtoano inatuponyoka. Lawama hiyo ina msingi. Hata hivyo, kila ninapoipima kwa matukio ya miaka ya karibuni naona inaelekezwa kwenye nusu ya tatizo tu. Mechi anazokosa mchezaji akiwa na taifa lake huigharimu klabu, ila mara nyingi kwa kiasi kidogo kuliko tunavyoamini. Gharama kubwa huja baadaye, kwenye namna anavyorudi na siku anayorudi.

Kwanza tuelewane kuhusu mpangilio wenyewe. MLS ina timu 30 zilizogawanywa katika kanda mbili, Mashariki na Magharibi. Kila timu hucheza mechi 34, na timu tisa kutoka kila kanda huingia mtoano. Saba za juu zinakwenda moja kwa moja raundi ya kwanza, ambako mshindi ni anayetangulia kushinda mechi mbili kati ya tatu. Wa nane na wa tisa hupambana kwa mechi moja kuwania nafasi iliyobaki. Baada ya raundi hiyo kila hatua ni mechi moja, ukipoteza umekwenda nyumbani.

Kwa kalenda ambayo ligi hii imeizoea, msimu huanza Februari na fainali huchezwa Desemba. Siku za FIFA za mechi za mataifa zimekuwa zikiangukia Machi, Juni, Septemba, Oktoba na Novemba. Ukiziweka kalenda hizo mbili pamoja unaona shida ilipo: Septemba na Oktoba ndipo nafasi za mtoano zinapoamuliwa, na Novemba iko katikati ya mtoano wenyewe. Ligi za Ulaya husimama siku hizo zikifika. MLS kwa miaka mingi iliendelea kucheza, na ingawa siku hizi imepunguza mechi hizo, haijaziondoa zote. Mashindano ya kiangazi kama Copa América (ya mataifa ya Amerika Kusini) na Gold Cup (ya Amerika Kaskazini, Kati na Karibiani) nayo huchezwa huku ligi ikiendelea. Kombe la Dunia la 2026 ndilo lililoilazimisha ligi kutenga mapumziko marefu, kuanzia Mei 25 hadi Julai 16.

Hoja ya klabu ni nzito, na wanaoipuuza wanasahau jinsi vikosi vya MLS vinavyojengwa. Kuna ukomo wa mishahara. Mwaka 2025 bajeti ya kawaida ya kikosi ilikuwa dola milioni 5.95, na juu ya hapo klabu inaruhusiwa nyota watatu ambao sehemu kubwa ya malipo yao haihesabiwi. Maana yake, umbali kati ya mchezaji wa kwanza na wa kumi na tano ni mkubwa mno. Klabu tajiri ya Ulaya ikimtoa winga wake, aliyekaa benchi naye ni mchezaji wa timu ya taifa fulani. Kocha wa MLS akitoa watatu anaanza kutazama kikosi cha akiba, na kuna nyakati analazimika kuwapa vijana mikataba ya siku chache ili apate watu wa kuwaweka benchi. FIFA haimwachii nafasi ya kukataa: ndani ya siku rasmi, taifa likimwita mchezaji, klabu inamwachia.

Pointi tatu za Juni zina thamani ileile ya pointi tatu za Oktoba. Hili mashabiki wengi hulisahau, kwa sababu wanaanza kupiga hesabu msimu ukiwa umebakiza mwezi. Vancouver Whitecaps walilionja mwaka 2025. Wakati wa Gold Cup walikuwa wamewatoa kiungo Sebastian Berhalter na mshambuliaji Brian White kwa Marekani, na Ali Ahmed kwa Kanada. Msimu ulipokwisha walikuwa na pointi 63, sawa na San Diego FC, wakashushwa nafasi ya pili Magharibi kwa kuwa San Diego walikuwa na ushindi mwingi zaidi. Ushindi mmoja wa ziada wakati wa kiangazi ungeweza kuwapa kilele cha kanda na haki ya kucheza fainali ya kanda nyumbani. Siwezi kudai kwamba Gold Cup peke yake ndiyo iliyowanyima. Isitoshe, fainali hiyo ya kanda waliifuata San Diego kwao na kushinda 3-1. Kwa hiyo hasara ilikuwepo, lakini haikuwa hukumu ya kifo.

Upande wa mataifa nao haukosi la kusema. Klabu inapomsajili mchezaji wa taifa inajua fika inanunua nini. Jina lake, uzoefu wake na bei ambayo klabu itamuuzia baadaye, vyote vimenenepeshwa na jezi ya taifa. FIFA pia hulipa. Fungu la klabu kwa Kombe la Dunia la 2022 lilikuwa dola milioni 209, na kwa mzunguko wa 2026 limepandishwa hadi milioni 355, safari hii likijumuisha klabu zilizotoa wachezaji kwenye mechi za kufuzu. Upo pia mpango wa bima unaofidia mshahara wa mchezaji aliyeumia akiwa na taifa lake na kukaa nje zaidi ya siku 28. Fedha hizo ni haki. Hazimrudishi beki uwanjani Jumamosi, lakini ni haki.

Hoja yenye nguvu zaidi upande huo, kwangu, ni mchezaji anayerudi akiwa bora kuliko alivyoondoka. Matt Freese, golikipa wa New York City FC, aliidakia Marekani kwa mara ya kwanza Juni 2025. Kabla ya mwezi huo kwisha alikuwa ameokoa penalti tatu katika robo fainali ya Gold Cup dhidi ya Costa Rica. Klabu yake ilimpata tena akiwa kipa aliyepitia presha ambayo hakuna mechi ya kawaida ya ligi ingempa, na mwaka huohuo ikafika fainali ya Kanda ya Mashariki. Kocha gani angekataa mabadilishano kama hayo?

Halafu kuna jambo linalovuruga kila hesabu tunayopiga. Timu zinazopoteza wachezaji wengi kwa mataifa kwa kawaida ndizo zenye wachezaji wazuri, na timu zenye wachezaji wazuri ndizo zinazofika mtoano. Timu ya mkiani inaweza kupita mwezi wa Septemba ikiwa na kikosi chake chote na bado ikafungwa. Anayehesabu majina yaliyoitwa na kusema "haya ndiyo yaliyotuangusha" anahesabu pia ubora wa kikosi chake bila kujua.

Inter Miami ndiyo inayotufundisha zaidi, kwa kuwa tumeiona ikiwa na Messi na ikiwa bila Messi, katika misimu miwili iliyofuatana, matokeo yakiwa kinyume kabisa na matarajio.

Mwaka 2024 Messi aliondoka Juni kwenda Copa América. Luis Suárez naye alikuwa na Uruguay. Julai 14, katika fainali dhidi ya Colombia, Messi aliumia kifundo cha mguu na hakurudi kuichezea klabu hadi Septemba 14, alipofunga mabao mawili dhidi ya Philadelphia Union. Miezi mitatu bila mchezaji bora wa ligi! Kwa mantiki ya lawama zetu, Miami ilipaswa kuporomoka. Ilichapwa 6-1 na Cincinnati Julai 6, kipigo cha aibu, lakini mbali na siku hiyo iliendelea kushinda mechi za ligi na ikamaliza msimu kwa pointi 74, rekodi ya MLS, ikinyakua Supporters' Shield, ngao ya timu yenye pointi nyingi zaidi katika msimu wa kawaida. Kisha mtoano ukafika. Messi yupo, Suárez yupo, hakuna aliyeitwa popote, na Atlanta United wakawatoa raundi ya kwanza. Kutangulia si kufika, na safari hiyo timu ya taifa haikuwa na la kujibu.

Sasa rudi nyuma hadi 2023. Messi alifika Julai, akaikuta Miami mkiani mwa Mashariki, akaipa Leagues Cup, kombe la klabu za MLS na za Mexico, na matumaini ya mtoano. Septemba 7 aliichezea Argentina dhidi ya Ecuador na kufunga bao pekee la mchezo. Siku mbili baadaye Miami, bila yeye, iliifunga Sporting Kansas City 3-2. Kutokuwepo kwake kuligharimu nini hapo? Hakuna. Gharama ilikuja aliporudi. Septemba 16 hakucheza na Miami ilifungwa 5-2 na Atlanta. Septemba 20 dhidi ya Toronto alitoka hata nusu ya kwanza haijaisha. Akakosa mechi zilizofuata, ikiwemo fainali ya US Open Cup, kombe la mtoano la klabu za Marekani, waliyofungwa na Houston Dynamo. Oktoba 7 alipoingia akitokea benchi dhidi ya Cincinnati, Miami ilipoteza 1-0 na mlango wa mtoano ukafungwa rasmi.

Haki itendeke: mwili wa Messi ulikuwa umechoshwa pia na klabu yenyewe, iliyomchezesha mfululizo tangu afike. Argentina iliongeza mzigo juu ya mzigo uliokuwepo. Lakini ndicho ninachosisitiza. Hatari ipo kwenye jumla ya dakika, safari na usingizi uliokosekana, na jumla hiyo hudaiwa baada ya mchezaji kurudi, wakati ambapo shabiki anaamini tatizo limekwisha.

Novemba 2025 ilitupa mfano mwingine unaouma. Son Heung-min wa Los Angeles FC (LAFC) alikuwa Korea Kusini, akacheza dhidi ya Bolivia na dhidi ya Ghana, mechi ya pili ikiwa Novemba 18 mjini Seoul. Novemba 22 alikuwa Vancouver, upande wa pili wa Bahari ya Pasifiki, katika nusu fainali ya Kanda ya Magharibi. LAFC walikuwa nyuma 2-0. Son akafunga mawili, la pili likiwa la faulo katika dakika za nyongeza, na mechi ikaenda dakika 120. Kwenye mikwaju ya penalti yeye akatangulia na kugonga mwamba. LAFC wakatolewa. Ukitaka kutetea timu za taifa utasema aliyetoka kuichezea nchi yake ndiye aliyeiokoa klabu kwa mabao mawili. Ukitaka kuzishutumu utasema miguu iliyovuka bahari siku chache kabla haikuwa na penalti iliyobaki. Naegemea upande wa pili kidogo, ingawa najua penalti hukosewa hata na waliolala vizuri.

Mwaka huohuo tuliona pia kwamba mazungumzo yanawezekana. Oktoba 10 Argentina ilicheza na Venezuela huko Miami, Messi akiwa jukwaani kama mtazamaji. Kesho yake alikuwa uwanjani na klabu yake, akifunga mawili katika ushindi wa 4-0 dhidi ya Atlanta. Bila shaka ilisaidia kwamba Argentina ilikuwa kwenye mechi za kirafiki na katika mji uleule. Denis Bouanga wa LAFC hakuwa na bahati hiyo: Gabon yake ilikuwa ikipigania kufuzu Kombe la Dunia, na hakuna kocha wa taifa ambaye angemwachia nyota wake kwa wakati kama huo. Wala asingepaswa.

Wale wanaobaki na klabu nao hawako salama. Mwaka 2021 New England Revolution walimaliza na pointi 73, rekodi ya wakati huo, na kwa utaratibu wa wakati huo wakaruka raundi ya kwanza. Mapumziko ya kimataifa ya Novemba yakaongezwa juu ya mapumziko yao, na wakakaa kuanzia Novemba 7 hadi Novemba 30 bila mechi ya ushindani. Wakatolewa na New York City FC kwa penalti. Colorado Rapids, vinara wa Magharibi, walikaa siku 18, wakafungwa 1-0 na Portland Timbers nyumbani kwao. Aliyewasawazishia New England dakika za mwisho za muda wa ziada alikuwa Tajon Buchanan, ambaye mwezi huo alikuwa na Kanada kwenye baridi ya Edmonton. Timu ilipumzika ikapata kutu, na mmoja wa wachache walioendelea kucheza ndiye aliyekuwa mkali.

Kwa hiyo siamini katika kumzuia mchezaji asiende, wala katika kulalamika orodha inapotangazwa. Ninachotaka kuona ni klabu inayopanga siku ya kurudi kwa uzito uleule inaopanga usajili: nani atacheza dakika 30 tu, nani atakaa benchi hata kama tiketi ziliuzwa kwa jina lake. Na ligi iache kabisa kupanga mechi za kugombea nafasi ndani ya siku za FIFA. Hilo liko mikononi mwake, na hakuna taifa lililoilazimisha kufanya vinginevyo.

Kalenda mpya zinabadilisha mambo kwa kiasi. Kuanzia 2026 FIFA imeunganisha madirisha, yaani vipindi vya mechi za mataifa, ya Septemba na Oktoba kuwa moja la siku 16 lenye mechi nne. Safari za kuvuka bahari zinapungua, na hilo nalipongeza, lakini mechi nne ndani ya siku 16 ni nyingi kwa mchezaji anayerudi moja kwa moja kwenye mbio za mtoano. Kisha, katikati ya 2027, MLS inahamia msimu unaoanza Julai na kumalizika Mei. Mtoano utachezwa Mei, mbali na dirisha la Novemba, na walioitwa kwa mechi za Juni wataondoka wakiwa wamemaliza kazi ya klabu. Dirisha litakaloangukia karibu zaidi na mwisho wa msimu wa kawaida litakuwa la Machi, na makocha wenye akili tayari wanapaswa kuwa wanapanga nani atapumzika Aprili.