Dirisha Lililonianika

Fundi aliniapia. Saa saba ya mchana, jua la kaskazi linachoma, yeye kasimama nje uchochoroni na mimi niko ndani ukumbini. Akaubandika uso kwenye kioo kipya mpaka pua ikalala kama andazi lililokaliwa, akapiga kelele: "Sikuoni, sheikh! Wallahi hata kivuli!" Mimi nilikuwa namwona mpaka jino lake la pembeni lenye tundu. Nikamtolea ulimi. Kimya. Nikacheza kidogo, mabega tu. Kimya. Nikaingia chumbani kumchukulia pesa zake.

Nyumba yetu iko Ng'ambo, nje kidogo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ya mawe na udongo, kaijenga babu yake mke wangu. Madirisha yake manne yalikuwa ya mbao, kila moja na mabawa mawili yenye vibao vya mlazo: mvua haiingii, upepo unapita. La ukumbini mzee alilianzisha magotini, ili anayejinyoosha mkekani apate upepo. Mchwa nao wakaanzia hapo hapo magotini. Masika yaliyopita nilishika komeo nifunge, nikabaki nalo mkononi pamoja na pande la mbao ukubwa wa boflo. Bawa lenyewe lilikwenda zake uchochoroni, likamkosa mbuzi wa jirani kwa shibiri.

Ningekuwa nakaa Mji Mkongwe shauri lingekuwa jepesi. Kule tangu mwaka 2000 ni Urithi wa Dunia wa UNESCO, huamki tu ukabadilisha dirisha bila ruhusa. Lakini mimi niko Ng'ambo. Uhuru wa kuiharibu nyumba yangu ninao kamili.

Barazani kila mtu alikuwa na dirisha lake kichwani. Wa mbao ya msaji walisema msaji, na nilipoulizia bei ya msaji nikaomba maji ya kunywa. Wa luva walisema luva, lakini luva mwizi huzichomoa moja moja kama anayemenya kitunguu, kisha anazipanga vizuri ukutani ili zisivunjike. Mwisho ikabaki aluminiamu ya kuslaidi. Haili kutu kama chuma kwa hewa yetu hii ya chumvi, mchwa hawaitaki, na mke wangu alikuwa na sharti moja tu: "Nataka nikikaa ukumbini bila mtandio, mpita njia asinione." Dukani wakatuonesha kioo cheupe, cha moshi, cha buluu, na kile cha kung'aa ambacho muuzaji alikiita cha kujitazama. Ukiwa nje unajiona wewe. Ukiwa ndani unamwona yeye. Mke wangu akakipapasa kama kitambaa cha harusi.

Aliyepinga ni mama mkwe peke yake. "Mwanangu," akaniambia, "ule umeme ulipokatika, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima giza, feni hakuna, nani alituokoa? Yale madirisha. Hilo lako la kusukuma, ukilifungua, nusu moja si inakwenda kujificha nyuma ya mwenzake? Upepo uingie wapi?" Nikamwambia mama, mambo ya zamani hayo. Akanyamaza. Mama mkwe wangu akinyamaza ujue anaweka akiba.

Vipimo nitavipitia haraka maana vinanitia uchungu. Fundi alipima dirisha moja, la jikoni, akazidisha kwa nne. "Yote sawa," akasema, penseli sikioni. Katika nyumba ya mawe na udongo hakuna hata kona mbili zilizo sawa! Ilibidi arudi kupima upya la ukumbini, la vyumbani akayaziba mapengo kwa simenti, na la jikoni lenyewe, ambalo ndilo lililopimwa, likaja dogo. Usiniulize vipi. Akaliziba pembeni, na kwa kuwa linasukumwa, lililobaki wazi ni kama tundu la kasha la barua. Jiko likawa tanuri.

Lakini ule mchana wa kwanza, raha yake! Uchochoro mzima ulikuwa ukija kujitazama kwangu. Wasichana wa skuli walitengeneza mitandio, mmoja mmoja, kwa foleni. Mtu mmoja mwenye heshima zake, simtaji, alijichokonoa meno ya juu, ya chini, akajipongeza kwa tabasamu, akaondoka. Sisi tumekaa futi mbili mbele yake tunakula mihogo. Jogoo wa jirani alimwona jogoo mwenzake ndani ya dirisha langu, akampiga mpaka ukucha ukatoka damu. Na kunguru, hawa walioletwa kutoka India karne ya 19 ili wale taka, nao wakaacha taka wakaja kugonga kioo. Nikasema, hii ndiyo gharama ya uzuri.

Sasa hapa lazima nikiri jambo. Mke wangu anauza vitumbua asubuhi. Vitumbua vyake vinajulikana mpaka Kikwajuni, na siri yake ni tui. Nazi ya mashine haitaki, anasema mashine inakwangua mpaka ganda na tui linaingia weusi. Ikunwe kwa mbuzi, kwa mkono, usiku, ili alfajiri akandie. Na anayekuna ni mimi. Nazi sita kila usiku.

Nakuna vizuri, nisijifiche. Unakaa juu ya mbuzi, ubao umekunjuliwa, ulimi wa chuma uko mbele yako, sinia chini. Kifuu unakishika kwa viganja viwili, unaanza ukingoni, unazungusha kidogo kidogo, nyama inashuka kama theluji ya kwenye televisheni. Ukiona wekundu, geuza. Na ili nisichafue msuli nilikuwa najifunga kanga ya mke wangu kiunoni, iliyoandikwa kwa herufi kubwa: SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU.

Barazani, hata hivyo, habari niliyokuwa nikiitoa ilikuwa nyingine. Barazani mimi nilikuwa mwanamme ambaye jikoni kwake hajui chumvi inakaa wapi. Kila siku baada ya isha nilikuwa naaga mapema: "Waungwana, sahani yangu imeshawekwa mezani. Mke wangu hapendi chakula kipoe." Nikivuka uchochoro, hatua kumi, nikiingia ndani, najifunga kanga.

Zamani nilikuwa nakuna jikoni. Jiko lilipogeuka tanuri nikahamia ukumbini, chini ya feni, taa ikiwaka, mbele ya dirisha lisiloonesha kitu.

Wiki ya kwanza wenzangu wakaanza kuwa na maneno. "Sheikh, mkono haujambo?" Mkono? Haujambo. "Wa kulia?" Yote miwili, alhamdulillahi. Muuza kahawa akanipa kashata, akainama kama anaomba radhi: "Nazi yake ya mashine, utatusamehe." Nikamsamehe. Halafu likaja lile la salamu. Nikipita, mmoja anainua mkono: "Sisi sote abiria!" Na baraza nzima kwa pamoja: "Dereva ni Mungu!" Nikafurahi kwa dhati. Ramadhani ilikuwa inakaribia, nikajua nyoyo zimelainika. Nikaanza hata mimi kuwaitikia.

Nikaona pia kwamba wamehama upande. Baraza ina kingo mbili, na miaka yote watu wanakaa wamegawana. Sasa wote wamejipanga ukingo mmoja, wametazama kwangu, dhumna imetupwa. Nikafikiri wanafuata upepo.

Ikawa usiku mmoja nazi moja kati ya sita imeoza. Mke wangu akanituma dukani, nikatokea mlango wa nyuma, nikazunguka, nikanunua. Wakati wa kurudi nikapita nyuma ya baraza, gizani, hakuna aliyeniona.

"Leo kachelewa," akasema mmoja.

"Sinia si lile pale? Mbuzi kakunjuliwa. Atakuja tu."

"Juzi ile ya tano ilimpa tabu."

Nikafuata macho yao. Ng'ambo ya uchochoro, ukumbi wangu ulikuwa unang'aa kama sinema, rangi zote. Feni inazunguka. Saa ya ukutani naisoma: saa tatu na dakika ishirini. Katikati, mbuzi wangu. Na pale kabatini alikuwa mama mkwe kasimama, kageuka kulia, kageuka kushoto, akafunua kopo la halua yangu, halua ambayo kwa ajili yake nilimnunia mwanangu siku tatu, akachota kwa kidole.

Waungwana nisiwasingizie. Alipotokea mama mkwe wote walitazama chini kwa adabu. Mke wangu naye alipopita, vichwa chini. Walikuwa wananingoja mimi.

Nikarudi kwa mlango wa nyuma, nikatambaa, natambaa mtu mzima na nazi kwapani, mpaka kwenye swichi. Nikazima taa.

"Aaaah!" baraza nzima ikasema, sawasawa na watu wa sinema filamu ikikatika.

Na gizani mule, sasa, mimi ndiye niliyewaona wao. Taa ya duka iliwamulika vizuri, wanainuka, wanakung'uta misuli. Nikahesabu kumi na mmoja. Muuza kahawa alikuwa kaleta birika la pili.

Mwanangu wa kidato cha tatu ndiye aliyenisomesha usiku ule, kwa upole, kama anamsomesha mgonjwa. Kioo kile kimepakwa utando mwembamba unaorudisha sehemu ya nuru. Haujui ndani wala nje. Aliye upande wenye mwanga mwingi anajiona mwenyewe, aliye kwenye giza anamwona mwenzake. Mchana jua liko nje, basi wa nje ndiye kipofu. Usiku taa iko ndani. "Basi kipofu ni wewe, baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Mtaa mzima unajua."

Nikampigia fundi. "Sheikh," akasema, na mdomo umejaa chakula, "mimi nilikuapia mchana. Ya usiku hukuniuliza."

Usiku wa pili nikajaribu kukuna bila taa. Nazi ya tatu nikaikuna pamoja na kidole. Usiku wa tatu nikarudi jikoni, nikatoka baada ya nazi mbili, nimelowa kama nimetoka pwani, mama mkwe kakaa kwenye kiti chake ananipepea kwa kipepeo cha ukili. Hakusema neno. Alipepea tu, polepole, na kwa kila mpepeo nikasikia 2009, 2010. Nami ningeweza kumjibu kwa halua. Sikuthubutu.

Mke wangu hakuona tatizo. Vitumbua vilikuwa vinakwisha kabla ya saa moja. Watu wanaiona nazi kwa macho yao, alisema, wanajua si tui la kopo. "Kaa taa ikiwaka, mume wangu. Hayo ni matangazo."

Kumbe wenzangu nao wana majumba yao, na kila usiku walikuwa wanakwenda kunichekea huko. Wakawasimulia wake zao, na kanga, na nazi ya tano. Siku ya kwanza wake wakacheka. Siku ya pili wakauliza, "Sita? Kila siku?" Siku ya tatu wakawa hawacheki tena.

Ijumaa baada ya maghribi wakaja kwangu watatu, wamevaa kanzu kama wanaokuja kuposa. Aliyetangulia ndiye yule aliyekuwa akiongoza salamu. Hakukaa. Alikuwa na kitambaa kidole gumba, kimefungwa.

"Yakhe," akasema, "tumechanga." Akaniwekea kifurushi mapajani. Pazia, zito, kijani, la Darajani, na pete zake. "Mke wangu kaninunulia mbuzi. Mpya. Kamweka chini ya feni." Wa pili akatazama mkeka. Wa tatu akasema kwake yeye ni ndizi tu, kumenya, lakini dalili si nzuri. Wakaniomba nilitundike usiku ule ule, kabla ya isha, wanawake hawajaanza kupita.

Nikawashukuru. Nikauliza wamepata wapi kipimo.

"Tulimwendea fundi wako," akasema. "Anayo yote kwenye daftari. Katupa ya jikoni, kasema yote sawa."

Tukalitundika wanne pamoja. Lilianzia juu vizuri, likashuka kwa heshima, likasimama futi moja na nusu kabla ya kufika chini. Tukalivuta. Tukashusha fimbo, ikafunguka juu, tukairudisha. Mmoja akatoka nje kutazama, akakaa huko muda mrefu, akarudi.

"Uso hauonekani kabisa," akasema.

Usiku nikakuna zangu sita. Asubuhi nikavuka uchochoro kwenda kunywa kahawa. Hakuna aliyeinua kichwa. Muuza kahawa akakigongagonga kikombe, akanijazia, akaninyooshea.

"Sisi sote abiria," akasema taratibu.

"Dereva ni Mungu," nikamjibu, nikapokea kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa unaniuma.