Nimelipa Kiingilio, Nyani Ndio Wakanitazama

Mimi nimekulia nyumba ya udongo. Tulipikia kuni, choo kilikuwa kule nyuma ya migomba, na usiku fisi alilia bondeni mpaka watoto tunajikunyata. Nikasoma, nikapata kazi, nikajenga Mwanza, choo ndani, bomba ndani. Nikajua hayo yamekwisha. Kumbe mama watoto ana mipango yake ya likizo ya Juni: twende Serengeti, tukalale kwenye hema, tupike kwa kuinama, choo kiwe mbali, fisi wawepo. Na yote hayo tuyalipie!

"Baba watoto, wazungu wanapanda ndege kuja kuona, sisi tuko hapa jirani tunaangalia kwenye televisheni."

Ubishi na mwanamke aliyekwisha kufungasha masufuria hauna faida. Tukashika barabara ya Musoma, gari la kuazima, watoto nyuma, na shemeji ambaye hakualikwa na mtu. Yeye husema anakuja kusaidia. Hajasema kusaidia nini.

Lango la Ndabaka nikashuka na noti zangu nimezipanga vizuri. Naambiwa fedha taslimu haipokelewi, unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu. Sawa. Simu ikawa inatafuta mtandao, mtandao nao sijui ulikuwa unatafuta nini. Wakati nimenyoosha mkono juu kama naapishwa, askari wa hifadhi akakagua mizigo, akakuta mfuko wa plastiki, kitu kilichopigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 2019. Wa nani? Wa shemeji, kafichia karanga. Karanga zikahamia kwenye kofia yangu.

Halafu masharti. Usipige honi. Usishuke kwenye gari ila sehemu zilizoruhusiwa. Usizidishe kilomita 50 kwa saa. Usiendeshe usiku. Nikamuuliza yule askari, na simba wamesomewa ya kwao? Akacheka sana, lakini jibu sikupata.

Hiyo 50 niwaambie ukweli wake. Barabara ya vumbi ikipitwa sana na magari inajikunja vijimatuta vidogo vidogo, unatetemeka mpaka jino lililozibwa linakumbuka. Madereva wazoefu wanasema ukikimbia unaelea juu yake. Ukikimbia ni kosa. Kwa hiyo mwendo halali ndio mwendo wa kutetemeka, na kutoka Ndabaka mpaka Seronera, katikati ya hifadhi, ni zaidi ya kilomita mia moja. Vumbi nalo linapita hata kwenye madirisha yaliyofungwa. Tulifika watoto wote wana rangi moja, namtambua kila mmoja kwa sauti.

Na mbung'o! Upande ule wa magharibi ndio makao yao. Nzi huyu hakufuati ukiwa umesimama tu, hulipenda hasa gari linalotembea, anadhani ni nyati mkubwa. Anauma juu ya suruali, na ukimpiga kofi anaondoka zake, uliyeumia ni wewe mara mbili. Anavutiwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana hifadhi imetundika vitambaa vya rangi hizo vyenye dawa kwenye miti, vimnase. Mwanangu mdogo akauliza ni bendera za chama gani. Nikageuka kumjibu, ndipo nikamwona shemeji: jezi ya bluu, kaptura nyeusi. Mtego mzima umekaa kiti cha mbele, hauna dawa, na unakula karanga zangu.

Karibu na mto Grumeti tukakuta nyumbu. Jamani, nyumbu. Hawa wako zaidi ya milioni moja, wanazunguka mwaka mzima wakifuata mvua na majani, na Juni huwa wanapita huko magharibi. Wakasimama barabarani. Honi marufuku, kushuka marufuku. Tukakaa. Nyumbu mmoja akawa ananitazama machoni, anatafuna, hana haraka, hana ada ya shule. Nyuma yetu gari la watalii wanashangilia foleni! Foleni ileile ambayo mjini wangeitukana.

Simba tulimwona. Amelala. Vitabu vinasema hulala mpaka saa ishirini kwa siku, na huyu alikuwa anatimiza ratiba. Magari yamemzunguka, watu na kamera zenye midomo mirefu, wananong'ona. Mama watoto naye ananong'ona, "Ona anavyopumua!" Nikamwonyesha shemeji aliyekuwa amesinzia pale pale, anapumua vizuri tu, na hakuna aliyempiga picha.

Kambi tuliyopangiwa Seronera inaitwa Pimbi. Mwanangu mkubwa akatueleza kwamba pimbi, kale kamnyama ka kwenye majabali, wanasayansi wanasema ni ndugu wa tembo. Inawezekana. Hata kwetu kuna mtu anadai ni ndugu wa waziri. Ila kilichonishangaza ni jiko. Jiko limezungushiwa wavu wa chuma na mlango wake. Kambi nzima haina uzio, wanyama wako huru, sisi tuliolipa kiingilio ndio tumo ndani ya kizimba tunakaanga dagaa. Nyani wakaja, wakakaa nje kwa familia, mama kapakata mtoto, wanatutazama tunavyokula. Yule mkubwa wao alikuwa na sura ya mtu anayesubiri muda wa kutulisha.

Usiku sasa. Tumeambiwa chakula kisilale kwenye hema, viatu visibaki nje maana fisi huondoka navyo. Kwa hiyo tunalala na viatu vya shemeji. Hilo hakuna sharti linalolikataza, ndilo la kwanza ningeandika mimi.

Saa nane ya usiku kibofu kikaniamsha. Choo nakijua kilipo, nilikipima kwa macho jioni. Nikafungua zipu kidogo, nikamulika tochi: macho. Yanang'aa, yako mengi, na hayakuwa yanatoka kwenye choo kwa foleni. Nikafunga zipu. Mara simba akanguruma, hema ikatikisika.

"Lala baba watoto," mama watoto anasema, "mngurumo wa simba husikika hata kilomita nane. Huyo yuko mbali."

Kilomita nane ndio mwisho wa kusikika. Haina maana hawezi kunguruma akiwa mlangoni mwa choo! Nikabana mpaka alfajiri, wakati wote huo shemeji anakoroma, na simba akawa kimya kabisa. Nadhani alihama.

Tumerudi juzi, masikio bado yana vumbi. Jana nimemkuta mama watoto kafungua ramani kwenye simu. Mwakani anataka Nyerere, ile hifadhi iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763. Nyerere 30,893. Nimepiga hesabu: zaidi ya mara mbili, na mbung'o huko wapo tele. Nimesema sawa, ila safari hiyo shemeji achangie mafuta.

Shemeji kajibu mafuta nisiwe na wasiwasi nayo, yeye atakuja na karanga.