Tunampenda Hanania kuliko Yeremia

Chini ya majina yetu kwenye kadi ya harusi tuliandika Yeremia 29:11, ule mstari unaosema kwamba Mungu anayajua mawazo anayotuwazia, nayo ni mawazo ya amani. Juu kulikuwa na tarehe: Jumamosi, 29 Mei 2021. Jumamosi iliyotangulia, tarehe 22 jioni, mlima wa volkano wa Nyiragongo ukatapika moto.

Watu wa Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, hawahitaji kuelezwa. Anga liliwaka wekundu juu ya mji, na mama, aliyekimbia ule moto wa 2002 uliopita katikati ya mji hadi ziwani, hakungoja mtu amwambie. Safari hii moto ulisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, lakini ulikuwa umekwisha kumeza nyumba ya wakwe zangu. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku, kuta zikapasuka. Alhamisi tarehe 27, alfajiri, tukaamriwa kuhama. Siku mbili kabla ya harusi yangu nilikuwa kwenye barabara ya Sake na sufuria kichwani, kati ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizobeba magodoro na watoto. Gauni lilibaki linaning'inia nyumbani.

Tulipokelewa na mama mmoja wa Sake ambaye hatukuwahi kumjua. Na hapo ndipo faraja zilipoanza. Shangazi mmoja akaniambia, "Yaya, Mungu iko na sababu. Labda hii ndoa hakuitaka." Mhubiri mmoja akaniwekea mkono kichwani na kutangaza kwamba kabla ya mwezi kuisha kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa, na zaidi. Nilisema amina. Usiku nikalia, kwa sababu nyumba ya Buhene ilikuwa chini ya jiwe, na jiwe halirudi kuwa nyumba kabla ya mwezi kuisha.

Kule Sake ndipo niliposoma sura nzima ya ule mstari wetu kwa mara ya kwanza. Naona aibu kusema hivyo, mtoto wa kanisa niliyeimba korali tangu utoto. Mstari wa 11 ni sehemu ya barua. Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli, watu waliopoteza nyumba, mashamba na hekalu. Mstari wa kumi, unaotangulia huo tunaoupenda, unataja miaka 70. Mtu mzima aliyeisikia barua hiyo ikisomwa alielewa kwamba yeye mwenyewe harudi.

Sura ya 28 ndiyo iliyonikamata zaidi. Yuko nabii Hanania, anayesimama mbele ya watu wote na kuahidi kwamba katika miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi na mateka watarudi. Anaivunja ile nira ya mti shingoni mwa Yeremia. Ukiwa pale ungesema nani ana imani? Hanania, bila shaka! Na Yeremia anamjibu kwanza, "Amina," kwa sababu naye alitamani iwe hivyo. Lakini haikuwa hivyo, na Mungu hakuwa amemtuma Hanania.

Maoni yangu ni haya, na najua yatawaudhi ndugu zangu wengine: makanisani mwetu Hanania anapewa kipaza sauti mara nyingi mno. Januari 2025 vita vilipoingia mjini, benki zikafungwa, na akiba yangu ya cherehani ya pili ikabaki ndani. Nikaanza kusikia tarehe tena: kabla ya Pasaka, kabla ya Krismasi. Tarehe ikipita, mwenye kuumia anaambiwa imani yake ilikuwa ndogo. Huo ni ukatili, hata ukisemwa kwa upole. Kumtumaini Mungu si kuwa na uhakika wa tarehe. Mimi sijui akiba ile nitaipata lini. Namwamini Mungu, na sijui. Yote mawili yamo ndani yangu asubuhi moja, nikishona sare za watoto kwa cherehani niliyo nayo.

Maana barua ile haikuwaambia mateka wakae wakingoja. Iliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuolewa, wauombee amani mji waliomo. Waoe! Niliposoma hapo nilimpigia mchumba wangu simu. Fedha za ukumbi na vinywaji zilikuwa zimekwenda kwenye mbao na mabati ya wazazi wake, na hakuna aliyejuta. Miezi mitatu baadaye tulifunga ndoa ibada ya asubuhi, tukarudi nyumbani kula bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Nililia siku hiyo pia. Nilikuwa nimeipenda sana ile harusi nyingine, na sidhani Mungu alinikasirikia kwa hilo.

Mama yangu hakuhitaji kusoma sura yoyote. Siku ya tatu pale Sake aliomba jembe, akalima kipande nyuma ya jiko la mwenyeji wetu, akapanda mboga za lengalenga. Nikamwuliza, "Mama, na tukirudi juma lijalo, utazikula lini?" Akasema bila kuinua kichwa, "Hata si mimi, iko mutu atakula."

Tulirudi kabla hazijafaa kuchumwa. Februari 2024 vita vilipofika Sake, ikawa zamu ya watu wa huko kukimbilia Goma, na jioni moja yule mama alisimama mlangoni petu na wajukuu wawili na furushi. Parsele yetu, kiwanja cha nyumba, ni mawe ya volkano matupu, jembe haliingii. Kesho yake niliwakuta yeye na mama uani, wamechuchumaa, wanajaza udongo kwenye magunia. Mbegu zilikuwa zimefungwa kwenye ncha ya kitenge cha mgeni wetu.