Mkurugenzi asiye na pa kwenda haandai mrithi

Hivi karibuni nilihudhuria hafla ya kumuaga Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni moja hapa Dar es Salaam, mtu ninayemheshimu, ambaye ameiongoza kampuni hiyo kwa zaidi ya miaka kumi na kuikuza kweli kweli. Mwenyekiti wa bodi aliposimama kutoa shukrani alisema, huku ukumbi ukimpigia makofi, kwamba haoni ni nani ndani ya kampuni anayeweza kuziba pengo linaloachwa. Wakuu wa idara walikuwa wamekaa hatua chache kutoka meza kuu, watu wazima wenye elimu na uzoefu wa kutosha, na wao wakapiga makofi vilevile. Nilikasirika, na hasira ile haijanitoka mpaka ninapoandika makala haya.

Maneno yale yalitolewa kama sifa, lakini ukiyatazama vizuri ni tuhuma. Bodi ya wakurugenzi ina majukumu mengi, na hakuna lililo kubwa kuliko kuhakikisha kwamba kampuni ina kiongozi leo na itakuwa naye kesho. Bodi iliyokuwa na zaidi ya miaka kumi ya kulifanyia kazi jambo hilo, ikafika siku ya kuagana mikono mitupu, imeshindwa kazi yake ya msingi, na anayeagwa ameshindwa pamoja nayo, hata kama faida imepanda kila mwaka.

Nimefanya kazi katika idara za rasilimali watu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ninajua pengo la namna hii linavyotengenezwa. Linaanzia kwenye meza ya katibu muhtasi. Mafaili yanapangwa pale tangu asubuhi, kila moja likiwa na karatasi ndogo ya rangi inayoonyesha mahali pa kutia saini: malipo ya mzabuni, likizo ya meneja wa tawi, safari ya mkaguzi kwenda Mbeya, ununuzi wa matairi ya gari la kusambazia bidhaa. Bosi akisafiri siku nne, matairi yanasubiri siku nne. Mkuu wa idara anayeijua kazi yake kuliko mtu yeyote katika jengo lile anajifunza taratibu kwamba usalama wake uko katika kupeleka swali badala ya kupeleka uamuzi, na kikao chochote kinachofanyika bila bosi kinaishia kwenye swali moja: mzee amesemaje? Mtu ambaye kwa miaka minane hakuruhusiwa kukosea katika jambo la shilingi milioni mbili hawezi ghafla kuaminiwa na jambo la bilioni mbili. Tunamnyima mazoezi, kisha tunamlaumu kwa kukosa uzoefu, kisha tunatangaza nafasi magazetini tukisema ndani hakuna mtu.

Na mkakati nao huenda njia hiyohiyo. Kampuni karibu zote zina mpango mkakati wa miaka mitano, umechapishwa vizuri na una dira na dhima. Kipimo changu ni kingine kabisa: nenda kwa meneja wa tawi la Mwanza umuulize ni biashara gani kampuni yake imeamua kutoifanya, na kwa nini. Akiweza kueleza, mkakati upo. Akikujibu kwamba hayo wanayajua makao makuu, basi mkakati unaishi kichwani mwa mtu mmoja, na siku akiondoka ataondoka nao.

Hakuna anayeweza kuniambia kwamba makabidhiano mazuri hayawezekani katika nchi zetu, kwa sababu tumeyaona. Dkt. Charles Kimei aliiongoza benki ya CRDB kwa takriban miaka 20, kuanzia 1998 hadi 2018. Kuondoka kwake kulijulikana mapema, bodi ikamteua Abdulmajid Nsekela aliyetoka benki ya NMB, na benki ikaendelea kukua. Kimei mwenyewe hakukaa nyumbani kusubiri simu. Mwaka 2020 alichaguliwa kuwa mbunge wa Vunjo. NMB, kwa upande wao, mwaka huohuo wa 2020 walimthibitisha kuwa Afisa Mtendaji Mkuu mtu wa ndani, Ruth Zaipuna, ambaye alikuwa Afisa Mkuu wa Fedha wa benki hiyo. Nakubali, ingawa si kwa furaha, kwamba mrithi anayetoka nje anaweza kufanya vizuri sawa na wa ndani. Hata hivyo kumchagua mtu wa nje kwa kupima ni jambo moja, na kukimbilia nje kwa sababu ndani hamkulea mtu ni jambo jingine.

Nchini Kenya, kampuni ya simu ya Safaricom walipata mtihani mgumu zaidi. Afisa Mtendaji Mkuu wao, Bob Collymore, alifariki dunia tarehe 1 Julai 2019 akiwa bado madarakani, na bodi ikamwita Michael Joseph, aliyekuwa ameiongoza kampuni hiyo tangu 2000 hadi 2010, akaimu nafasi hiyo. Mrithi wa kudumu, Peter Ndegwa, aliingia ofisini tarehe 1 Aprili 2020. Wapo wanaosema kumrudisha kiongozi wa zamani ni dalili ya kukosa maandalizi, na hoja hiyo ina uzito wake. Mimi ninatazama zaidi watu wawili waliohusika. Joseph alikuwa ameondoka kwenye kiti hicho karibu miaka tisa kabla, akafanya kazi nyingine, zikiwemo za uenyekiti wa bodi ya Kenya Airways, kwa hiyo alirudi kama mtu aliyeombwa msaada na akakabidhi bila kung'ang'ania. Ndegwa naye alitoka Diageo, kampuni ya vinywaji, akaingia kwenye mawasiliano ya simu akiwa mtu mzima mwenye jina lake. Wakubwa wanaweza kubadili kazi, na wanaweza kubadili hata sekta.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama, kwa sababu naamini ndipo ugonjwa ulipo. Kwa muda mrefu tumezungumza kuhusu kurithishana madaraka kana kwamba ni suala la mrithi peke yake, wakati mtu anayezuia mlango ni yule asiye na pa kwenda. Katika utumishi wa umma umri unajulikana, miaka 55 kwa hiari na 60 kwa lazima. Katika makampuni binafsi mkurugenzi yuko kwenye mkataba wa miaka mitatu au mitano, na mkataba unaweza kuisha akiwa na miaka 49, watoto wawili wakiwa vyuoni na nyumba haijamalizwa kulipiwa. Kama ni mtu wa benki, mkopo wa nyumba aliouchukua kwa riba ya mfanyakazi kwa kawaida hugeuzwa kuwa wa riba ya soko anapotoka. Bima ya afya inakoma. Gari linarudishwa. Anuani yake ya baruapepe inafungwa, na pamoja nayo mawasiliano na watu aliowajua kwa miaka mingi. Kadi za kuombwa awe mgeni rasmi kwenye harambee zinapungua. Mwambie mtu huyo, akiwa bado kitini, amlee kijana wa kuchukua nafasi yake! Atakubali kwenye kikao, ataweka jina kwenye fomu ya rasilimali watu, kisha atahakikisha kwamba kijana huyo haandiki hata taarifa moja ya kwenda kwenye bodi.

Simlaumu kwa hofu hiyo. Ninalaumu kwamba hakuna aliyeizungumza naye. Nimewaona watu hodari wakichukua kiinua mgongo chote na kukizika kwenye mashamba ya parachichi Njombe bila kuwahi kulima msimu mmoja, wakati miche ya parachichi, hata iliyobebeshwa, huhitaji takriban miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa, na ada za shule hazingoji. Wengine hujitangaza kuwa washauri waelekezi wiki ileile wanayotoka, wakidhani wateja walikuwa wao, kumbe walikuwa wa kampuni.

Kubadili kazi katika ngazi ile ni mradi wa miaka kadhaa, na unapaswa kuanza mtu akiwa bado ana ofisi. Aingie kwenye bodi ya taasisi nyingine, ndogo ikibidi, ajifunze kuuliza maswali bila kutoa amri. Afundishe darasa moja chuoni. Kama anataka kulima, alime ekari mbili sasa, kwa mshahara, akosee wakati kukosea bado hakuumizi. Akitaka siasa, aanze kukaa na watu wa nyumbani kwao kabla hajawahitaji. Mtu mwenye kazi inayomsubiri hana sababu ya kumwogopa msaidizi wake. Atamkabidhi mafaili, atamwacha asimame mbele ya bodi, na atamtetea akikosea.

Ninajua hoja itakayoletwa: wapo waliomlea mrithi, naye akawachimba. Ni kweli, nimeshuhudia. Ila dawa yake iko mikononi mwa bodi, kwa kuwalea watu watatu badala ya mmoja na kwa kuheshimu muda wa mkataba uliobaki.

Kwa hiyo ninaziomba bodi mambo mawili, na ninayaomba kwa moyo wote. Tathmini ya Mkurugenzi Mtendaji ya kila mwaka iwe na alama kwa ajili ya watu aliowaandaa, zenye uzito unaogusa bonasi yake, na zithibitishwe kwa kuwasikia watu hao wenyewe wakiwasilisha mbele ya bodi. Na miaka miwili kabla ya mkataba kuisha, mwenyekiti amwite mkurugenzi wake, wawili tu, amuulize atafanya nini baadaye, kisha ampe muda na ruhusa ya kuanza kukifanya.

Kampuni ile niliyoitaja sasa ina mtu anayekaimu. Ni mmoja wa wale wakuu wa idara waliopiga makofi, na barua yake inasema ataendelea kukaimu hadi hapo itakapotangazwa vinginevyo.