Skrini Inanikonyeza

Mimi nina stesheneri Nkuhungu, hapa Dodoma, chumba kimoja, mlango unatazama barabara ya vumbi. Fotokopi, paspoti saizi, barua za kuomba kazi, na kadi za michango ya harusi. Kadi ndizo zinazolisha watoto. Shida ya mteja wa kadi ni kwamba anasimama nyuma yako anakupumulia shingoni: hilo ua sogeza, hilo jina la mjomba likuze. Nikasema ninunue skrini mbili, moja nifanyie kazi, nyingine imgeukie yeye atulie.

Skrini za mtumba. Nasema mtumba kwa herufi ndogo, siyo Mtumba kule kwenye wizara. Ila kiti nilinunua kwa dalali aliyeapa kimetoka kwenye ofisi iliyohamia huko. Kiti cha bosi, cha kuzunguka, ukivuta kale kamkono ka pembeni kinashuka fyuuu.

Kompyuta inatumia Linux, programu ya kuiendesha badala ya Windows, ile yenye nembo ya pengwini. Siyo kwamba mimi mtaalamu. Flashi za wateja zilikuwa zinaniletea virusi kila siku, mpaka kijana wa chuo tunayepanga naye nyumba moja akaniambia, "Braza, weka Linux, ni bure." Neno bure hapa Dodoma linasikika kama ngurumo ya mvua ya kwanza. Nikaweka.

Siku ya kwanza na skrini mbili, mshale wa mausi ukatembea kulia, ukatembea, ukapotea. Nikavuta dirisha lenye kadi ya watu, nalo likafuata hukohuko. Harusi Jumamosi! Yule dogo wa chuo akaja, akaandika xrandr, amri ya kupanga skrini, kwenye ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri, akasoma kidogo, akaniangalia.

"Braza, una skrini tatu."

"Ya tatu nimemkopesha nani?"

Kumbe kompyuta inaamini tundu la VGA, lile la waya za skrini za kizamani, limechomekwa skrini. Tundu lenyewe lina utando wa buibui. Kadi ya watu ilikuwa imekaa humo, kwenye skrini isiyokuwepo, inasubiri ukumbi. Akaandika xrandr --output VGA-1 --off, dirisha likarudi mbio. Hiyo amri nimeibandika ukutani kwa selotepu, chini ya bei za laminesheni. Juzi mama mmoja ameuliza hiyo huduma ni shilingi ngapi.

Likaisha hilo, likaja la kukatika. Nikishusha picha, bi harusi anakatikia puani: macho yamefika, mdomo uko njiani. Dogo akasema skrini moja inajichora mara 60 kwa sekunde, nyingine mara 75, halafu X11 inayochora madirisha ni ya mwaka 1987, yenyewe inahesabu skrini zote kama uwanja mmoja. Mwaka 1987 mimi nachunga mbuzi Kondoa, mtu wa skrini mbili mezani ningemtoa wapi? Akaniambia nikifika pa kuandika neno la siri nibonyeze kile kigurudumu cha meno pembeni chini, nichague Wayland, mchoraji mpya wa madirisha, humo kila skrini inakwenda mwendo wake. Bi harusi akaungana. Nikamnunulia dogo chipsi mayai.

Ndipo likaja lile la tatu. Skrini ya mteja inazima. Nyeusi tii, sekunde moja, mbili, halafu inawaka kama haijafanya kitu. Mteja anashtuka, anashika pochi.

Dogo akabadilisha dereva wa kadi ya picha, yaani programu inayokiongoza kile kifaa cha kutoa picha ndani ya kompyuta. Mke wangu akasikia tunasema "dereva huyu mbovu, tumtoe", akauliza bajaji tumenunua lini. Dogo akarudisha kerneli ya zamani, yaani kiini cha Linux. Wapi! Akanieleza kwamba hata Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux mwaka 1991, mwaka 2012 kule Finland aliinyooshea kampuni moja ya kadi za picha kidole kibaya mbele ya hadhara. Nikafarijika. Kama mwenye mali amefikia huko, mimi wa Nkuhungu ni nani? Nikahamia kwa jirani anayechomelea mageti, nikamwambia mashine yako inanizimia skrini. Nimerudi na matusi nisiyoweza kuandika.

Na kinachoudhi, dogo akija akikaa jioni nzima haizimi hata mara moja. Kama mtoto anayeacha kukohoa mkifika zahanati.

Mwezi wa saba huo, upepo unapuliza, midomo imepasuka, ukivua sweta linatoa cheche. Akaingia mzee mmoja kutoa fotokopi ya kitambulisho. Shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu. Akakaa kwenye benchi. Nikanyanyuka kwenda kwenye mashine, nikarudi, nikanyanyuka tena kutafuta chenji.

"Mjukuu wangu, hiyo runinga inakuogopa."

"Kwa nini babu?"

"Ukisimama inafumba macho."

Nikakaa. Nikasimama. Nyeusi. Nikakaa, nikasimama. Nyeusi. Mzee anacheka mpaka fimbo imeanguka.

Dogo akaenda kusoma, akarudi kichwa chini. Ni jambo linalojulikana: lile bomba la gesi chini ya kiti, mtu akikaa au akinyanyuka linaweza kutoa mshtuko wa umeme tuli, na waya wa picha usiokingwa vizuri unaudaka, skrini inapoteza picha. Hewa ikiwa kavu ndiyo kabisa. Waya wangu wa HDMI ni wa elfu tano, mwembamba kama tambi. Wiki tatu tunamtesa pengwini wa watu, mwenye kosa nimemkalia!

Waya mnene nitanunua kadi za mwezi wa nane zikilipwa. Kwa sasa mimi nakalia stuli ya mbao, kile kiti cha bosi nimewapa wateja, wanakipenda sana, wanazunguka.

Jana nimeinama kwenye printa, skrini ikakonyeza. Kugeuka, kijana yuko mlangoni na fotokopi sita kwapani, hajalipa.