Bonde la Msimbazi: nani ampishe mwenzake, mto au watu?

Nyumba moja niliyowahi kuingia kule chini Magomeni, Dar es Salaam, upande wa bondeni, ilikuwa na kizingiti kilichopandishwa kwa matofali na saruji hadi magotini. Unapanda kuingia, kisha unashuka tena ndani. Kitanda kilikuwa juu ya matofali, godoro limekunjwa mchana kutwa kana kwamba safari ni usiku huohuo. Ukutani kulikuwa na mistari mitatu ya matope, mmoja juu ya mwingine, na mama mwenye nyumba alikuwa anaijua kila mmoja ni wa mvua ya mwaka gani. Rangi alikuwa amepaka mara mbili. Mistari ikarudi.

Nyumba za namna hiyo ndizo zinazoondolewa sasa. Serikali, kwa mkopo wa dola milioni 200 ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022 na fedha nyingine kutoka Uholanzi na Hispania, inatekeleza mradi wa kuendeleza Bonde la Mto Msimbazi: watu waondoke sehemu ya chini ya bonde, mto upanuliwe, daraja la Jangwani linyanyuliwe, na mahali palipokuwa na mabanda na nyumba pawe bustani kubwa ya jiji. Wapo wanaosema imechelewa miaka arobaini. Wapo wanaosema ni maskini kuhamishwa ili wenye nacho wapate pa kutembea jioni. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa muda mrefu, na naona kila upande umeshika kipande cha kweli na kuacha kingine chini.

Msimbazi si mto mkubwa. Unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unakwenda takriban kilomita 36, na unaingia baharini pale Salenda, ambapo sasa yapo madaraja mawili: lile la zamani, na la Tanzanite lililofunguliwa 2022. Ila udogo wake unadanganya. Unapokea Mto Ng'ombe, Luhanga, na vijito vya Ubungo na Sinza, kwa hiyo maji ya karibu katikati yote ya Dar es Salaam yanashuka kwenye mlango mmoja mwembamba. Mvua kubwa ikiangukia siku za bamvua, bahari imejaa na mikoko imezama, maji ya mto hayana pa kwenda. Yanarudi nyuma, yanatandaa Jangwani. Jina lenyewe la Jangwani lina habari: ardhi tupu, mahali ambapo wenyeji hawakujenga.

Kuna jambo moja la historia ambalo katika mjadala huu naona linarukwa, nalo ni maji ya kunywa. Mji huu ulianza kwa visima, kisha mwishoni mwa miaka ya 1940 ukajengewa chanzo cha Mtoni kwenye Mto Kizinga. Mwaka 1957 Dar es Salaam ilikuwa na watu wasiofika 130,000, na hata hao tayari walikuwa wengi kuliko maji. Ndipo ukajengwa mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, mwaka 1959, na Ruvu Chini, Bagamoyo, katikati ya miaka ya 1970. Tangu hapo jiji linakunywa mto ulio mbali, unaokuja kwa bomba. Sina ugomvi na uamuzi ule, kwa kuwa Msimbazi usingeweza kulihudumia jiji ambalo kwa sensa ya 2022 limefika watu milioni 5.4. Lakini jiji lilipoacha kuwa na haja na Msimbazi, hakuna aliyebaki na sababu ya kuulinda. Mto unaokunywa maji yake unauwekea mlinzi. Huu ukageuka mahali pa kutupa.

Na tulitupa kwelikweli. Dampo la jiji liliwekwa Tabata, bondeni. Wakazi walivumilia moshi na harufu hadi mwaka 1988 walipokwenda Mahakama Kuu. Walishinda, halmashauri ikaamriwa iache kutupa taka pale, ikaomba muda, ikaomba tena, na dampo halikufungwa hadi 1991. Baadaye taka zikahamia Vingunguti, bondeni vilevile. Ongeza maji ya viwanda vya Ubungo na Barabara ya Pugu, machinjio, na mabwawa ya majitaka. Kisha ongeza kile ambacho kila mkazi wa uswahilini anakijua na hakisemwi mezani: mvua ikishika usiku, watu wanatapisha vyoo. Kufyonza kwa gari kunagharimu fedha ambayo mpangaji hana, kwa hiyo shimo linatobolewa kwenye karo na mvua inamaliza kazi. Kipindupindu cha 2015 kilipoanzia Kinondoni, hakuna aliyeishi maeneo haya aliyeshangaa.

Sasa hoja ya wanaotaka bonde liachwe wazi. Wana nguvu, na nguvu yao ni miili ya watu. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu wapatao 40, wengine wakiwa wamepanda juu ya mapaa kusubiri kuokolewa. Mafuriko ya Aprili 2018 yalikadiriwa na Benki ya Dunia kugharimu zaidi ya dola milioni 100, karibu asilimia 2 ya pato la jiji. Mpango mkuu wa jiji wa 1979 ulishaliweka bonde hili kwenye ardhi hatarishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Hakuna asemaye kweli anayeweza kudai kwamba pale Jangwani au Mkwajuni ni mahali pa kulelea mtoto mdogo. Mimi sidai.

Upande wa pili nao unaeleza mambo ambayo watetezi wa bustani huyapita haraka. Hawa watu hawakujificha. Nyumba zao zilivutiwa umeme na maji, mtaa ulikuwa na mwenyekiti, kila uchaguzi wagombea walikuja na vipaza sauti na kuahidi mitaro. Serikali yenyewe ikajenga karakana ya mabasi ya mwendokasi hapohapo Jangwani. Usafiri ulipoanza 2016 haikuchukua muda maji yakaingia, na mabasi ya thamani yakaharibika yakiwa yameegeshwa. Kwa mkazi aliyekuwa ameamka Desemba 2015 akakuta ukuta wake umeandikwa X nyekundu ya kubomolewa, karakana ile ilikuwa jibu tosha: kumbe bondeni panajengeka, inategemea ni nani anayejenga. Bomoabomoa ile ilisimamishwa baada ya mamia ya wakazi kupata zuio mahakamani, lakini wengine walikuwa wameshalala nje na watoto wao katikati ya vuli.

Halafu kuna Mabwepande. Baada ya 2011 waathirika walipewa viwanja huko, kilomita zipatazo 30 kutoka katikati ya jiji. Viwanja vilikuwa halali, na hewa ni safi. Lakini mama anayeuza vitafunwa Kariakoo alfajiri, aliyekuwa akitembea kwa miguu kutoka Jangwani, akajikuta anatumia nauli inayokula faida yote. Wapo waliouza na kurudi bondeni. Wakaitwa wakaidi. Kwangu mimi huo ni uhesabuji wa kawaida kabisa: mafuriko huja siku chache kwa mwaka, nauli huja kila asubuhi.

Ndiyo maana suala la fidia linanigusa kuliko michoro ya bustani. Nyumba nyingi za bondeni ni za vyumba sita au vinane, uwani choo kimoja, na kila chumba kina familia inayolipa kodi. Fidia ya nyumba inamfuata mwenye nyumba. Mpangaji anafungasha kitanda na sufuria, na kwa kuwa anahitaji chumba cha bei ileile karibu na kazi ileile, anapanda juu kidogo ya mto, Kigogo au Vingunguti, anatafuta bonde jingine. Mradi utahesabu bonde lililosafishwa. Hatari imehama tu, imebebwa kwenye mkokoteni.

Kwa upande wangu, naunga mkono watu kuondoka sehemu ya chini kabisa, kutoka Kigogo kwenda Salenda. Pale mto hauna pengine pa kupumulia, na kubishana na bamvua ni kupoteza maisha. Kinachonitia wasiwasi ni mchanga. Vilima vya Pugu na Kisarawe vinakatwa miti na kukatwa viwanja, na kila masika udongo wake unashuka. Umeujaza mto kiasi kwamba pale Jangwani maji yanapita juujuu. Huwezi kuchimba mto chini na kuuacha unajazwa kutoka juu. Utachimba tena na tena, na mkopo utakwisha kabla ya mchanga.

Hapa wamo pia vijana wachimba mchanga, ambao kila mtu anawalaumu. Nimewatazama wakifanya kazi: mmoja ndani ya maji hadi kiunoni, koleo linazama na kuibuka limejaa, mwenzake anamwaga kando, na lori linasubiri juu ya kingo. Wakichimba kwenye ukingo, nyumba ya mtu inaanguka wiki ijayo. Wakichimba katikati, wanaufanya mto uwe na kina, kazi ambayo halmashauri ingelipia. Kuwapiga marufuku wote kwa pamoja ni rahisi kutangaza na vigumu kusimamia. Kuwapangia mahali, kina na siku kungewapa kazi halali na kuupa mto nafasi.

Vivyo hivyo mifereji ya juu. Mto Ng'ombe umejengewa kingo za zege, na watu wa Sinza na Manzese wanashukuru, wana haki ya kushukuru. Lakini zege halipunguzi maji, linayaharakisha. Kilichokuwa kinatuama Manzese kwa saa tatu sasa kinafika bondeni mapema zaidi na kwa nguvu zaidi. Bila mabwawa ya kupokelea maji huko juu, kila mtaro mzuri wa juu ni mzigo wa chini.

Na mchicha? Matuta ya mboga bado yapo kando ya mto. Mkulima anazamisha keni mbili kwenye maji meusi, anatembea katikati ya matuta akinyunyiza kulia na kushoto, majani yanang'aa kijani kibichi cha kupendeza. Jioni fungu liko sokoni, na sote tumelila. Wanaopanga bustani wanamwona kama uchafu wa kuondolewa. Wanaomtetea wanasahau kilichomo kwenye hayo maji. Maji yakisafishwa, yeye ndiye mtunzaji bora ambaye bonde lile lingepata, kwa sababu ndiye pekee ambaye bado anauhitaji mto huu kila siku.

Masika ijayo sitakwenda kuangalia nyasi za bustani. Nitasimama Kigogo asubuhi baada ya mvua ya usiku, niangalie maji yanakuja na nini: yana rangi ya udongo wa Pugu au la, yananuka choo au la, na ukingoni kuna vyumba vipya vya mabati vilivyoinuliwa vizingiti au la.