Kile Si Mlio wa Simu

Jumamosi iliyopita nilikuwa harusini, meza ya pembeni karibu na spika, wanakokalishwa waliochelewa kumalizia mchango. Kabla ya maakuli, kijana mmoja mwembamba akapandishwa jukwaani na gitaa lake la nyuzi za nailoni, apige chochote cha utulivu wakati meza kuu inahudumiwa. Akakaa, akakanyaga kreti la soda kwa mguu wa kushoto, akaanza. Nilijua anapiga nini kabla hajafika mbali, nikawa naomba kimoyomoyo: ee Mungu, mshereheshaji asiutambue.

Akautambua. Kijana alipofika pale penyewe, jamaa akadaka maiki: "Jamani, nani hajazima simu? Pokeeni basi, huenda ni mchepuko!" Ukumbi mzima kicheko. Wengine wakatoa simu mifukoni, "haloo, haloo, sikusikii." Kijana akatabasamu kwa adabu, akarukaruka kipande cha katikati, akamaliza haraka, akashuka. Dijei akaweka singeli.

Nimekaa na hasira wiki nzima. Najua, yapo makubwa zaidi ya kukasirikia, bei ya mafuta ya kula ipo. Lakini hili limenikaa kooni.

Kile si mlio wa simu. Ni Gran Vals, utungo wa gitaa wa Francisco Tárrega, Mhispania, wa mwaka 1902. Nokia wakautia kwenye simu zao mwaka 1994, mwenyewe akiwa kaburini zaidi ya miaka 80. Na hawakuuchukua wote. Walichukua vipimo vinne tu (kipimo ni kile kipande kidogo cha muziki chenye mapigo yake ya kuhesabu), cha 13 hadi cha 16.

Hapa naomba washairi wanisogelee. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, si ndiyo? Sasa chukua vipimo 16 vya mwanzo vya Gran Vals, uvikate vinne vinne. Unapata mishororo minne, na kilichonyofolewa ni mshororo wa nne. Kituo! Tumepewa kituo bila ubeti. Ndiyo maana kile kimlio kinasikika kama kitu kilichokwisha kusemwa: sauti 13, zinapanda na kushuka kidogo, zinatua. Zinatua kwa sababu mwenyewe alikwisha kuzirusha huko nyuma, sehemu ambayo hatujaisikia. Mtu akinyofoa kituo cha shairi lako, akakipigisha sokoni asubuhi na jioni miaka thelathini, watoto watakua wakiamini hilo ndilo shairi. Siku utakaposimama kulighani zima, watakucheka kwamba unaiga soko. Hicho ndicho kilichompata yule kijana.

Na usikilize basi utungo wote, haukuli hata dakika tano. Ni waltzi, mapigo matatu: dole gumba linagonga la chini, zito, halafu vidole vinajibu mara mbili kwa wepesi, huku sauti ya juu ikitamba kama bibi harusi anayejua anatazamwa. Kile kituo kinarudi, na kila kinaporudi kimetanguliwa na jambo, kwa hiyo kinakuwa na maana. Kwenye simu hakina kitu nyuma yake isipokuwa mtu anayekudai.

Tárrega mwenyewe ni habari nyingine. Alizaliwa Villarreal mwaka 1852, na utotoni alitumbukia kwenye mfereji wa kumwagilia mashamba, macho yakaharibika. Baba yake akawaza kama mzazi yeyote: huyu akipofuka atakula nini? Muziki. Akahamishia familia Castellón ili mtoto apate kufundishwa, na walimu wake wawili wa kwanza walikuwa vipofu. Fikiria darasa hilo. Mwalimu hakuoni vidole vyako, anavisikia. Kosa lako hulifichi kwa mkao mzuri wala kwa suti.

Siku zile gitaa lenyewe lilikuwa linadharauliwa, chombo cha kilabuni na cha vinyozi, wenye heshima zao wakikaa na piano. Aliyelipa kifua ni seremala wa Almería, Antonio de Torres, aliyelikuza umbo na kulipangia vijiti ndani ya ubao wa mbele, vimetandazwa kama upepeo. Watu wakabisha, wakasema siri ni mbao za ghali za mgongoni na ubavuni. Mwaka 1862 Torres akatengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni karatasi ngumu, zile za boksi, ubao wa maana ukiwa ule wa mbele peke yake. Likalia. Basi, ubishi umekwisha. Tárrega aliishi na gitaa la Torres la mwaka 1864, akalipigia tungo zake na za Chopin alizozihamisha kutoka kwenye piano. Huyo ndiye tunayemwambia "pokea simu."

Sawa, nakubali jambo moja, tena shingo upande. Bila kitochi, mimi mwenyewe nisingemjua. Mara ya kwanza kumsikia Tárrega nilikuwa makaburini, mwili unashushwa, simu ya mjomba ikaita. Akaipapasa kanzu yote, mfuko huu si wenyewe, huu nao si wenyewe, na Hispania inaimba tu. Miaka mingi baadaye rafiki yangu akaniwekea Gran Vals nzima bila kunitajia ni nini, na ile sehemu ilipofika nikapeleka mkono mfukoni. Kwa hiyo simcheki mtu kwa kutojua. Ninachomlaumu mshereheshaji ni kelele. Kijana alikuwa anatujulisha hapo hapo, bure, na tukamkatiza.

Mambo ya kutojua ni mengi hata huko Hispania. Kila mwenye gitaa anapiga Asturias ya Albéniz, mtunzi mwingine wa Kihispania, ambayo iliandikwa kwa piano. Jina lenyewe, la jimbo la kaskazini mwa Hispania, alilibandika mchapishaji baada ya Albéniz kufa, wakati muziki una harufu ya Andalusia, kusini, upande wa pili wa nchi. Ni kama kuupa mdundiko jina la Bukoba.

Na msiniambie huu ni muziki wa kizungu, hautuhusu. Waarabu walikaa Andalusia karne na karne na udi wao, udi huu huu unaolia kwenye taarabu Unguja, na kutoka huko Ulaya wakapata luti yao, chombo cha nyuzi kama udi, hata jina wakalichukua. Gitaa si mtoto wa udi, ni binamu, tusizidishe. Lakini anayebisha na asikilize Capricho árabe ya huyo huyo Tárrega, halafu aniambie masikio yake hayakumbuki kitu. (Udi wa kupiga na udi wa kufukiza ni neno moja, mti. Bibi yangu alikuwa anavitaka vyote viwili chumba kimoja.)

Lisbon, kwenye nyumba za fado, zile nyimbo za majonzi za Wareno, kabla ya mwimbaji kufungua kinywa watu huambiwa wanyamaze, na wananyamaza. Sisi hatuko hivyo, wala sitaki tuwe hivyo. Sisi wimbo ukitugusa tunainuka na noti tukatunze. Lakini kumtunza mtu lazima uwe umesikia alichosema!

Nilimfuata kijana nje, alikuwa anafunga gitaa nyuma ya bodaboda kwa mpira wa baiskeli. Nikampa nilichokuwa nacho, kidogo. "Shikamoo kaka, asante," akasema, "nimezoea. Ule siupigi tena harusini." Nikamuuliza anajifunza nini sasa. Recuerdos de la Alhambra, akasema, ule ambao dole gumba linatembea chini huku vidole vitatu vikipokezana juu ya uzi mmoja, haraka mpaka sikio linadhani ni sauti moja isiyokatika. Akanionyesha juu ya siti: gumba, cha pete, cha kati, cha shahada, gumba, cha pete, cha kati, cha shahada. Akarudia polepole. Hiki cha pete, akasema, ndicho kinachomchelewesha.